Mfalme wa Mlima na Kondoo Asiye Wake

Steinvör wa Hvammskot hakuwa mtu wa kusema asante, na katika bonde letu hilo si jambo dogo. Hapa ukikutana na mtu mliyekuwa naye juzi mazishini, au kwenye kwaya, au mkisukuma gari lililokwama thelujini, neno la kwanza ni lilelile: asante kwa mara ile. Ndipo mnaulizana hali ya hewa. Steinvör aliruka moja kwa moja kwenye hali ya hewa. Ukimfanyia jambo, wiki haiishi utakuta paja la kondoo lililokaushwa kwa moshi limening'inia mlangoni kwako, bila barua, na basi, mmeshalipana. Hakupenda deni la aina yoyote, hata la maneno.

Mimi ni Hallbera wa duka la ushirika. Nimesimama nyuma ya kaunta ile miaka thelathini na mmoja, na nisilolijua mimi katika bonde hili huwa halijatokea. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayasema, na niliyosimuliwa nitayasema vilevile, maana wote waliohusika hunywa kahawa kwangu na hakuna hata mmoja anayejua kuficha jambo.

Katikati ya Agosti, Dagrún alimrudisha Steinvör kutoka kwa daktari wa macho. Dagrún ni binti wa marehemu kaka yake, muuguzi mjini, mwendo wa saa moja na nusu. Waliingia jikoni, Steinvör akapapasa ukingo wa jiko mpaka akalipata birika.

"Umemsikia daktari, shangazi."

"Nimemsikia. Kijana anaongea sana."

"Amesema katikati ya jicho pamekufa, yote mawili. Unaona pembeni tu. Na hayarudi tena."

"Pembeni panatosha. Kondoo hawatembei katikati."

"Hebu nitazame. Unaona nini?"

Steinvör alimgeukia. "Naona mtu aliyekuja kunisumbua."

"Shangazi!"

"Naona nywele zako," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Naona na lile sweta nililokufumia. Uso wako siuoni, mwanangu. Tangu Krismasi ya mwaka juzi siuoni."

Dagrún akaanza kulia. Shangazi yake hakuyaona machozi lakini aliyasikia, akamsukumia kitambaa cha kufutia vyombo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Kisha wakagombana vizuri, kama watu wanaopendana. Dagrún alitaka kondoo wote mia moja na kumi na wanane wauzwe msimu huu huu, na shangazi yake ahamie mjini. Kulikuwa na nyumba ya wazee karibu na hospitali, safi, yenye lifti, na jioni wanacheza karata.

"Sipendi karata," akasema Steinvör. "Na wazee ndio siwapendi kabisa."

"Na hapa una nani? Niambie, nani anakujua hapa? Vémundur hapo Brekka ni jirani yako wa pekee na hamsalimiani mwaka wa kumi na moja sasa, kisa uzio! Ukianguka ghalani, mbwa ndiye atakayepiga simu?"

Birika likaanza kupiga mluzi, Steinvör akaliepua. "Hapa mimi ni mfalme wa mlima," akasema. "Huko mjini nitakuwa nani? Kikongwe wa chumba namba saba."

Ndipo shangazi yake, ambaye kiburi chake kingetosha kugawiwa kijiji kizima, alipotoa ahadi ambayo hakuna aliyemwomba. Mwezi ujao kondoo wa bonde zima watashushwa kutoka mlimani na kuchambuliwa zizini, kila shamba lipate wake. Ataongoza kama kila mwaka, na atachambua kama kila mwaka, bila msaada, na Dagrún aje ashuhudie. Asipokosea, hakuna mtu kumtajia tena mji wala karata. Akikosea kondoo mmoja, mmoja tu, Dagrún apige simu machinjioni siku hiyohiyo, na yeye atafungasha.

"Mmoja tu?" akauliza Dagrún.

"Mmoja. Mimi sijawahi kukosea hata huyo mmoja."

Wakapeana mikono juu ya meza. Na kwa ukoo ule mkono ukishatolewa haurudi.

*

Mfalme wa mlima ndiye anayeongoza msako wa kondoo, siku tatu juu ya farasi kwenye nyika ya juu, na neno lake huko halijibiwi. Steinvör alikuwa mfalme wetu kwa mwaka wa ishirini na mbili. Mwanzoni kuna waliotaka kumwita malkia, akawaambia malkia hukaa ndani. Basi ikawa mfalme.

Mwaka huo ukungu ulikuwa mzito. Álfgeir wa Nes, mwenye umri wa miaka arobaini na mdomo usiopumzika, alipanda farasi ubavuni mwake siku zote tatu akipayuka. "Mfalme, wale saba kule kwenye mteremko, na mweusi mmoja kando ya kijito, unawaona?" "Mfalme, hapa mbele pana mawe, farasi wangu karibu avunjike mguu!" Steinvör alimwambia mara nne anyamaze. Usiku wa pili, kwenye kibanda cha kulala huko juu, wakila samaki mkavu na siagi, aliwaambia wengine kwamba angemuuza yule mtu kwa bei ya paka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na malalamiko siku hizo. Alhamisi alipokuja dukani kwangu na gari lake la kijani, alilalamika kwamba Vémundur anaingia barabarani na trekta mbele yake kila wiki, saa nne kamili, taa zote zinawaka mchana kweupe, na anamtangulia kwa mwendo wa konokono mpaka mlangoni mwa duka. "Ananifanyia makusudi yule mzee!" Akalalamika pia kuhusu nguzo za barabarani kuanzia kwake mpaka darajani, ambazo mtu alikuwa amezipaka chokaa nyeupe, eti serikali haina kazi. Mimi nilimpimia kahawa yake nikasema, kweli, mambo ya serikali.

*

Jumamosi ya kuchambua, ukungu ulikuwa umeondoka. Zizi letu kuu ni la mviringo, la ukuta wa mawe na majani. Katikati ni uwanja, na kuuzunguka kuna vyumba, kila shamba na chumba chake na kibao cha jina lake juu ya mlango. Kondoo elfu mbili na zaidi walikuwa wanasubiri nje wakipiga kelele, na sisi tumekwishavaa masweta, tumekwishakunywa kahawa, na baadhi yetu tumekwishakunywa kitu kingine.

Kila shamba lina alama yake ya kukata masikioni, na iko kitabuni tangu enzi za mababu wa mababu. Ya Hvammskot ni hii: sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto lina mapengo mawili upande wa nyuma. Ya Brekka kwa Vémundur inafanana nayo, kwa sababu zamani yalikuwa shamba moja: kulia ncha, kushoto pengo moja nyuma na moja mbele. Siku hizi kuna na vibati vya plastiki vyenye namba, lakini kusoma kibati ni kama kuuliza jina la mtu unayemjua. Wengi wetu huinama, tunamshika kondoo, tunatenganisha manyoya. Steinvör alikuwa akisoma sikio kutoka hatua ishirini, akiwa amesimama wima. Kupapasa sikio kwa vidole, alikuwa akisema, ni kazi ya watoto na ya watu wa mjini.

Na kwetu hakuna anayegusa kondoo mpaka mfalme amemchagua wa kwanza. Anasimama langoni, anataja shamba kwa sauti, anamkamata mwenyewe na kumwingiza chumbani. Hapo ndipo zizi linafunguka.

Lango likafunguliwa, kundi la kwanza likamiminika ndani. Steinvör alisimama na fimbo yake, kichwa amekigeuza kidogo upande, kama alivyozoea siku hizi, na sote tulijua kwa nini amekigeuza. Dagrún alikuwa juu ya ukuta karibu nami. Alikuwa ameukamata mkono wangu na hakuwa na habari.

"Hvammskot!" akaita Steinvör. "Yule mwenye doa jeusi jichoni. Flekka wangu!"

Akaingia katikati ya kundi, akamdaka pembe zote mbili kwa jaribio la kwanza, akamkalia mgongoni kama tunavyofanya, akaanza kumburuta kuelekea mlango wa chumba chake. Miaka sabini ile! Mimi nilijisikia fahari kama vile ni mimi niliyemkamata.

"Huyo si wa Brekka?" akasema Álfgeir. Halafu akajiziba mdomo, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kwa kuchelewa.

Kuchukua kondoo wa mtu zizini, mbele ya bonde zima, ni aibu ambayo watu huwasimulia wajukuu. Kumchukua ukiwa mfalme, na awe wa kwanza, jambo hilo halijawahi kutokea. Dagrún aliuachia mkono wangu.

Vémundur akatoka kwenye kundi la wazee. Ni mtu mkubwa, mpole, wa miaka sabini na miwili, anayenusa ugoro kila anapohitaji kufikiri. Alimwinamia yule kondoo, akatazama sikio la kushoto. Pengo nyuma, pengo mbele. Hata mimi niliyekuwa ukutani nililiona lile la mbele.

"Ni wake," akasema Vémundur. "Nilimuuzia mwezi wa tano."

Mtu akakohoa. Watu hawa wawili hawakuwa wameuziana hata msumari kwa miaka kumi na moja, na hakuna mtu pale asiyelijua hilo, isipokuwa labda Dagrún wa mjini. Sote tulitazama viatu vyetu. Steinvör angesema ndiyo tu, kondoo angeingia chumbani, na tungeimba.

Alivua glavu. Akatelezesha kidole kwenye sikio la kushoto, taratibu, kutoka shinani kwenda juu. Nyuma, pengo. Mbele, pengo. Alisimama wima.

"Vémundur," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake katika miaka kumi na moja, "wewe ni mwongo."

"Steinvör..."

"Sijanunua kitu kwako na sitanunua. Kondoo huyu ni wako. Nimekosea." Akainua sauti ili tusikie wote, mpaka kwenye magari. "Nimekosea kwa sababu sioni! Macho yameharibika. Sasa mmesikia, na yaishe."

Vémundur akatoa kichupa cha ugoro, akanusa pua moja, akanusa ya pili. "Tunajua," akasema.

"Mnajua nini?"

"Kwamba huoni."

"Nani anajua?"

Vémundur alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia, na hakumpata. "Bonde," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ule msimu wa kukata nyasi uliposimama kwa muda mrefu kumgombeza mfuko wa mbolea, ukidhani ni mbwa wangu."

Kuna mtu alicheka, na akajuta papo hapo.

"Na trekta?" akauliza Steinvör. Alikuwa mweupe usoni. "Kila Alhamisi, na taa?"

"Uliniambia mwenyewe, yaani uliwaambia watu wakaniambia, kwamba unachukia kunifuata. Nikaona basi ndiyo unanifuata."

"Nguzo?"

"Chokaa si ghali."

Aligeuza kichwa. "Álfgeir! Kule mlimani!"

"Mfalme, mimi kwa kawaida siongei sana," akasema Álfgeir, na hapo kila mtu alicheka, kwa sababu haukuwa uongo wa kuvumilika.

Steinvör hakucheka. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili mmekuwa mkinichezea kama mtoto anayejifunza kutembea. Na mimi natembea katikati yenu kifua mbele!" Akaichomeka fimbo ardhini na kutoka langoni.

*

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe upande wa nje wa ukuta, mbwa miguuni. Ndani, kazi ilikuwa imeanza kwa shingo upande, maana kondoo hawangojei huzuni ya mtu. Nilimpa kikombe mkononi nikakaa.

"Hallbera. Kahawa dukani kwako iko rafu gani?"

"Ya pili, mkono wa kushoto. Usawa wa bega."

"Imekuwa hapo muda gani?"

"Miaka miwili."

"Zamani ulikuwa unahamisha kila kitu kila mwezi. Mtu alitafuta chumvi mpaka akasahau alichokuja kununua."

"Makao makuu wananiletea mchoro wa kupanga rafu," nikasema. "Nawashia nao jiko."

Alikunywa. "Nina aibu," akasema. "Nina aibu mpaka tumboni. Nilikuwa nalala usiku nikijiambia, angalau wewe Steinvör humtegemei mtu. Uko peke yako na unaweza. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Kumbe nilikuwa nimebebwa mgongoni."

"Hukubebwa. Msako wa juzi nani aliongoza? Álfgeir hajui hata kijito kinakotoka."

"Nilidhani naishi peke yangu, Hallbera."

Nilimwekea mkono begani na hakuutoa.

Ndani kukazuka makelele. Álfgeir na Vémundur walikuwa wamemshika kondoo mmoja, huyu pembe, yule pembe, kila mtu akimvuta kwake. Sikio la kushoto lilikuwa limechanwa na waya wa uzio, nusu imeondoka pamoja na kibati cha namba. La kulia lilikuwa limekatwa ncha, na alama zote mbili, ya Brekka na ya Nes, zina ncha iliyokatwa kulia. Kitabu kilifunguliwa, kikafungwa. Masikio ya namna hiyo yalikuwa yakiamuliwa na mtu mmoja tu.

"Mfalme!" akapayuka Álfgeir. "Njoo uamue!"

"Nimesema sioni!" akajibu Steinvör kutoka nje.

"Sijakuomba uone! Nimekuomba uamue! Tutapigana huku, na huyu mzee ana mikono mizito!"

Steinvör akanikabidhi kikombe, akaingia langoni bila fimbo. Watu wakampisha. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya bonde zima, akafumba macho, akalichukua lile sikio lililochanika kati ya vidole vyake vitupu. Kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kupapasa sikio hadharani tangu alipokuwa na miaka sita.

"Álfgeir, lete kidole. Hapa, unasikia nini?"

"Kunaparuza."

"Huo ni waya. Na hapa chini?"

"Laini."

"Hicho ni kisu. Kovu la kisu linapona laini, la waya halinyooki kamwe. Sasa fuata huo ulaini. Unapanda juu moja kwa moja, haupindi. Pengo la Brekka lingepinda. Hili ni sikio lililopasuliwa, na anayepasua kushoto ni Nes. Kondoo ni wako. Mchukue kabla sijakuchukia tena."

Vémundur naye akaingiza kidole chake kinene, akapapasa, akatikisa kichwa kukubali. "Kweli," akasema. "Leo nimerudishiwa kondoo niliyemtoa na nimenyang'anywa niliyemtaka."

Steinvör alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akiwa bado magotini, na kikasambaa uwanja mzima, na mtu upande wa pili akaanzisha wimbo. Akaletewa mwingine mwenye sikio lililoliwa na baridi, halafu mwingine. Mpaka supu ya nyama inaiva alikuwa ameamua kumi na mmoja, na hakuna aliyebishana naye hata mara moja.

*

Tulikula kwenye ukumbi wa kijiji, mabakuli mapajani. Steinvör alimaliza supu yake, akapangusa mdomo, akamgeukia mpwa wake.

"Haya. Piga simu machinjioni."

Meza zote zikamgeukia. Yeye mwenyewe aliwaeleza ahadi yao, kwa kifupi, bila kujionea huruma. "Nilisema mmoja. Nimekosea mmoja. Mkono nilitoa."

Dagrún akasimama. Tulidhani atalia, kumbe alikuwa amewaka. "Kwanza ninyi!" akasema. "Mnajua miaka miwili na mnamwacha aendeshe gari? Taa za trekta! Angeua mtu! Angejiua! Hamna akili ninyi?"

Tulitazama mabakuli. Alikuwa na haki, na tulijua. Tulikuwa tumeogopa zaidi kumvunja Steinvör kuliko tulivyoogopa gari lake, na hilo halina utetezi.

Steinvör alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani mbele ya Dagrún. "Hapo umesema kweli. Gari basi. Na ufalme pia." Akaita, "Álfgeir! Fimbo iko zizini, iokote. Una mdomo mkubwa lakini nimesikia una macho makubwa pia. Masikio yakiwashinda, leteni kwangu." Kisha akashusha sauti. "Sasa piga simu, mwanangu. Usinifanye nisubiri."

"Uliniahidi mimi, si ndiyo?" akasema Dagrún.

"Ndiyo."

"Basi ahadi ni yangu, na mimi naisamehe. Siku ile nilikuuliza nani anakujua hapa. Nimeona. Mjini kuna lifti, shangazi, lakini hakuna atakayejua kwamba ukikuta kahawa haipo mahali pake hutauliza, utarudi nyumbani bila kahawa."

"Mimi sisamehewi ahadi."

"Basi nusu!" akasema Vémundur kutoka meza ya tatu, akiwa amejaza mdomo. Akameza. "Kondoo mia na kitu ni wengi kwa mtu wa umri wako. Ubaki na arobaini. Waliobaki waje Brekka, kwangu nyasi zipo. Masikio yabaki ya Hvammskot."

"Na wewe utapata nini?" akauliza Steinvör kwa ukali.

Vémundur akafikiri, akanusa ugoro juu ya supu. "Uzio ule," akasema. "Tungeweza kuung'oa tu."

Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kutafuna. Steinvör aliketi amenyooka, mgongo haugusi kiti, kichwa amekigeuza kidogo ili amwone pembeni mwa jicho yule mtu mkubwa aliyekuwa anamsubiri. "Nyundo nitaleta mimi," akasema. "Za kwako huwa mpini umelegea."

*

Alhamisi iliyofuata waliingia dukani kwangu saa nne na nusu, ndani ya gari moja. Steinvör alikuwa analalamika kabla mlango haujafunguka: Vémundur anaendesha polepole mno. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya pili mkono wa kushoto, akachukua kahawa, akachukua chumvi, akaja kaunta akalipa. Tulikuwa watu wanane humo, Álfgeir akiwemo, akisimulia jambo.

Nilitarajia aulize hali ya hewa. Badala yake aliweka mfuko chini, akageuka kumkabili Vémundur aliyekuwa mlangoni ameshika kofia yake mkononi. Hakukigeuza kichwa pembeni. Alimtazama usoni kabisa, pale ambapo hakuona kitu.

"Vémundur," akasema. "Asante kwa mara ile."

Álfgeir alinyamaza katikati ya neno.

"Mara ipi?" akauliza Vémundur.

"Zote, mjinga wewe."

Vémundur alitafuta ugoro kwenye mifuko yote mitatu na hakuupata. Mwishowe akaja kaunta na kuniomba betri, za ukubwa wowote, nami nikamfungia, ingawa najua nyumbani kwake hakuna kitu kinachotumia betri.